HABARI ZA MATARUMBETA KATIKA KANISA NA KATIKA NCHI



Neno "yubile" asili yake ni pembe. Waebrania walikuwa na neno yobeli, maana yake kondoo dume na pembe yake. Kwa sauti ya pembe mwaka wa hamsini ulitangazwa katika nchi yao yote, kama tusomavyo katika kitabu cha Walawi, sura ya 25. Mwaka huo mashamba yalirudi kwa wenyewe, na mtumwa alikwenda kwao akiwa huru. Basi katika kitabu hiki wengine wameandika habari za wachungaji, za shule na za hospitali, na sisi tumeona yafaa tuandike habari za pembe zetu, yaani matarumbeta. Watu huyasikia siku ya Pasaka na siku ya mazishi, lakini ni wachache waulizao yalitoka wapi, na kwa njia gani yalifika mikononi mwa watu wa nchi hii. Njia hiyo ilikuwa ndefu, wala si kila hatua yake ilikuwa njema. Ndiyo sababu yatupasa kuijua.

PEMBE ZA WAZEE WETU

Wako wanaodhani ya kuwa kabla ya kuja Wazungu hapakuwa na sauti ya pembe katika nchi hizi. Sivyo. Wazee wetu wa bara walikuwa na pembe za wanyama, nazo zilipigwa kwa vita, kwa ngoma na kwa kuwakusanya watu. Pwani nako palikuwa na mbiu, na hata leo twasema, mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Tena palikuwa na siwa. Siwa ya Pate ilichongwa kwa pembe za ndovu, na siwa ya Lamu ilifanywa kwa shaba, kazi ya ustadi mkubwa. Hupulizwa kwa tundu lililo ubavuni, si kwa ncha. Siwa haikupigwa na kila mtu wala siku yoyote. Ilipigwa kwa ruhusa, katika arusi na sherehe za watu wakubwa, na mtu asiye na jina mjini hakuweza kuitoa nje.

Basi tukumbuke mambo mawili. La kwanza, shaba ipulizwayo haikuwa ngeni kabisa pwani yetu. La pili, pembe ilikuwa alama ya heshima, na aliyekuwa nayo alihesabiwa kuwa mtu. Jambo hili la pili litatusaidia kuelewa yaliyofuata.

JINSI SHABA ILIVYOPATA SAUTI ZOTE

Tarumbeta la zamani za Ulaya lilikuwa bomba tupu. Bomba la namna hiyo haliwezi kutoa sauti zote za wimbo, ila sauti chache zilizo mbali mbali. Lilifaa kwa ishara za askari na kwa nyumba za wafalme. Mwaka 1818, katika nchi ya Prussia, mafundi wawili, Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel, walipewa hati ya serikali kwa kifungo walichobuni. Mpigaji akikibonyeza, pumzi hupita katika kipande cha bomba cha ziada, na sauti hushuka. Tarumbeta la leo lina vifungo vitatu. Cha kwanza hushusha sauti hatua nzima, cha pili nusu ya hatua, cha tatu hatua moja na nusu. Kwa vidole vitatu hivyo, pamoja na midomo iliyofundishwa vema, sauti zote za wimbo hupatikana.

Jambo hili dogo liligeuza mambo makubwa. Mkulima na mchimba migodi, ambao mikono yao ilikuwa migumu kwa fidla, waliweza sasa kujifunza shaba. Katika Uingereza vikundi vya shaba vilianzishwa katika viwanda na migodi, na mwaka 1878 katika mji wa Salisbury fundi wa ujenzi, Charles Fry, na wanawe watatu walianza kupiga katika mikutano ya Jeshi la Wokovu. Jeshi hilo lilifika Kenya mwaka 1921, na bendi zake zafahamika huko mpaka leo.

Katika Ujerumani jambo hili lilishika njia ya kanisa. Ndugu wa Moravian katika kijiji cha Herrnhut walikuwa wamekwisha kutumia ala za shaba tangu karne ya 18, na desturi yao ya kwenda makaburini alfajiri ya Pasaka ilianza mwaka 1732. Wamishenari wa Moravian ndio waliofika Rungwe mwaka 1891. Lakini kundi la shaba la usharika, la watu wa shamba wasio askari wala wapigaji wa kazi, lilianza Jöllenbeck, karibu na Bielefeld, mwaka 1843. Huko waliinuka Eduard Kuhlo, mchungaji, na mwanawe Johannes, aliyezaliwa mwaka 1856. Johannes Kuhlo aliitwa Bethel mwaka 1893, mahali palipoanzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya kuwatunza watu wenye kifafa, akawa msimamizi wa nyumba ya mashemasi iitwayo Nazareth.

Ufundi wa Kuhlo ulikuwa huu. Mpiga tarumbeta wa jeshi husoma noti zilizoandikwa kwa ajili ya ala yake peke yake. Ukimpa kitabu cha waimbaji akakisoma kwa desturi ya jeshi, sauti yake hushuka hatua nzima, na wimbo huharibika. Kuhlo aliwafundisha watu wake kusoma noti zile zile wanazosoma waimbaji, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Hivyo kundi la matarumbeta halikuhitaji vitabu vingine. Kitabu cha nyimbo cha kanisa kilitosha, na wapigaji na waimbaji walikaa katika ukurasa mmoja.

Tunataja Bethel kwa sababu Misheni ya Bethel ndiyo iliyofanya kazi Usambara tangu mwaka 1891, ilipoanza Mlalo, kisha Bukoba tangu mwaka 1910. Baadhi ya ndugu wa Nazareth walitumwa katika kazi hiyo. Walikuja na Biblia na dawa, na desturi ya nyumba yao ilikuwa kumsifu Mungu kwa shaba. Kwa upande wa Kilimanjaro, Misheni ya Leipzig ilianza Machame mwaka 1893, nayo ilitoka katika nchi ile ile ya matarumbeta. Ndiyo maana leo sharika za Kilutheri za kaskazini zina makundi ya shaba, na asili yake ni hiyo.

Lakini yatupasa kusema kweli yote. Johannes Kuhlo, mtu aliyewafundisha wengi kumwimbia Bwana, katika uzee wake aliiunga mkono serikali ya Hitler, akapiga mbele yake, na hata kufa kwake mwaka 1941 jambo hilo halikufutika. Hatulitaji ili kuidharau kazi aliyoifanya. Twalitaja ili vijana wetu wajue ya kuwa tarumbeta halimchagui mpigaji wala halichagui wimbo. Liko mikononi mwa mtu, na moyo wa mtu ndio uamuao.

WATU HURU WA FRERETOWN

Sasa turudi pwani. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano na Waingereza, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mwaka 1875 misheni ya C.M.S. ilianzisha kijiji cha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Watu hao walitoka mbali, wengine Nyasa, wengine Uyao, na wengi walikuwa watoto wasiojua tena njia ya kurudi kwao. Kengele iliwekwa hapo ili kuwaonya watu hatari ikija, na mahali pale paitwa Kengeleni mpaka leo.

Vijana wa Freretown walifundishwa kusoma, kufanya kazi za mikono, na kupiga ala za shaba. Msomaji na alifikiri jambo hili pamoja na yale tuliyosema juu ya mwaka wa hamsini. Katika Mombasa ya siku zile siwa ilikuwa ya mabwana, na mtumwa hakuwa na pembe. Kisha mtumwa aliyeachwa huru akasimama njiani na tarumbeta linalong'aa, na wenye mji wakatoka kumsikiliza. Waheshimiwa wa Mombasa hawakuipenda misheni, lakini masikio yao yalisikia.

Wala Freretown haikuwa peke yake. Sultani wa Unguja alikuwa na bendi yake, na wapigaji wengi walikuwa Wagoa. Wajerumani walikuwa na bendi ya askari katika Dar es Salaam, na shule ya serikali ya Tanga ilikuwa na bendi ya wanafunzi wake. Basi katika kila mji wa pwani watu waliiona shaba ikienda mbele ya wenye nguvu.

BENI

Katika miaka ya 1890 na baadaye, vijana wa pwani walianza ngoma mpya wakaiita beni, jina litokalo katika neno la Kiingereza la bendi. Walijipanga safu kama askari, wakavaa sare, wakapiga ngoma kubwa na ndogo, na waliopata shaba waliipuliza. Wakachagua wakubwa wao, Kingi, Gavana, Jenerali, na kwa upande wa wanawake Kwini. Mombasa palikuwa na Kingi na Scotchi, makundi mawili yaliyoshindana kwa nguo, kwa karamu na kwa nyimbo. Kila kundi lilitaka kulishinda jingine kwa kuchinja na kukaribisha, na mali nyingi ilitumika kwa mashindano hayo.

Katika nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika makundi makubwa yalikuwa Marini na Arinoti. Watu walisema ya kuwa Marini ni ya makarani na watu wenye nguo nzuri, na Arinoti ni ya watu wa kazi ngumu. Kisha ilikuja vita ya mwaka 1914 mpaka 1918. Askari na wapagazi walichukuliwa maelfu kwa maelfu, wengi wakafa njiani kwa njaa na ugonjwa, na waliosalia walichukua beni kila mahali walikokwenda, Tabora, Nyasa, Rhodesia ya Kaskazini, hata Kongo.

Serikali iliogopa. Maafisa wa Kiingereza baada ya vita waliuliza, kwa nini watu hawa wana Majenerali, kwa nini hupelekeana barua kutoka mji hata mji? Mwaka 1935, wachimbaji wa shaba wa Rhodesia ya Kaskazini walipogoma, watu wa Mbeni walikuwa miongoni mwa walioshitakiwa kuwa wachochezi.

Misheni nyingi nazo zilikemea. Wakristo walionywa wasichezwe na beni usiku, wasishindane kwa majivuno, wasilewe. Hatusemi ya kuwa makemeo hayo hayakuwa na sababu. Majivuno yalikuwako, na deni lililoachwa na karamu liliumiza nyumba nyingi. Lakini wakemeaji wengi walitazama sare, hawakutazama mfuko. Kila kundi la beni lilikuwa na mfuko wa michango. Mtu wa bara aliyefika Tanga au Dar es Salaam kutafuta kazi, asiye na ndugu wala jirani, akiugua alitazamwa na wenziwe wa beni, na akifa walimnunulia sanda na kumzika kwa heshima. Mgeni aliyekuja na barua kutoka kundi la mji mwingine alipata mahali pa kulala. Haya ni matendo tunayoyahubiri kila Jumapili. Twaweza kujiuliza, je, yule kijana aliyekufa ugenini angezikwa na nani, kama si Marini au Arinoti?

Tena tuone ustadi wao. Mahali ambapo shaba haikupatikana, watu hawakukaa kimya. Kando ya ziwa Nyasa walichukua vibuyu, wakavikata, wakavitoboa tundu na kulifunika kwa utando wa buibui, na mtu akiimba ndani yake sauti hutoka kama ya tarumbeta. Katika Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, ngoma hiyo iliitwa malipenga, na kwa upande wetu wa ziwa yaitwa mganda. Huchezwa hata sasa, na safu zake zimenyoka kama safu za askari wa zamani zile. Unguja nako beni imedumu, hasa katika maandamano ya arusi.

Hivyo jambo lililoletwa kwa amri, ili watu waende hatua moja nyuma ya bwana, watu walilichukua wakalifanya lao. Walijifunzia humo kuchagua viongozi, kuweka akiba na kuandikiana barua.

WALIOSHIKA PEMBE WAALIMU WALIPOONDOLEWA

Vita ile iliwagusa pia waliobaki nyumbani. Wamishenari wa Kijerumani waliondolewa, na kufikia mwaka 1920 sharika zao zilikuwa zimeachwa bila wao. Walirudi miaka kadhaa baadaye, kisha vita ya mwaka 1939 ikawaondoa tena. Mara zote mbili walioachiwa kazi walikuwa walimu, wainjilisti na wazee wa nchi hii, pamoja na wachungaji wachache. Hawakuwa na mishahara ya kutegemea, lakini watoto walifundishwa na wafu walizikwa. Makanisa saba yalipoungana tarehe 19 Juni 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, yaliungana juu ya msingi huo.

Watu hupenda kusema, "Wamishenari walituachia matarumbeta." Ni kweli kwamba waliyaleta. Lakini tarumbeta likikaa ukutani miaka mitano vifungo hushika kutu, na midomo isiyopiga husahau katika miezi michache. Ikiwa desturi hii imefika mikononi mwetu, basi imepitia mikononi mwa mwalimu wa kijiji aliyefungua vifungo, akavisafisha kwa mafuta kidogo na kitambaa, akamwita mtoto wa jirani akamwambia, "Njoo, weka midomo hivi."

KUNDI LINAVYOISHI

Wasomaji wasiopiga hawajui kazi iliyomo, basi tutaeleza kwa ufupi. Anayeanza hapewi wimbo. Hupewa kwanza kile kikombe kidogo cha kupulizia, naye hujifunza kutetemesha midomo mpaka sauti moja isimame bila kuyumba. Kisha hupewa ala, na kwa siku nyingi hupiga sauti ndefu tu. Wengi huchoka hapo, na asiyechoka hujifunza vidole. Baadaye huketi kati ya wakubwa, akipiga sauti ya pili au ya tatu, ambayo haisikiki peke yake na haimpatii mtu sifa. Kwa maoni yetu shule iliyo kubwa kuliko zote katika kundi ni hiyo. Kijana hujifunza kwamba akinyamaza yeye, wimbo una pengo, ingawa hakuna anayemtazama.

Katika kundi, mwenye tarumbeta dogo hushika wimbo, na wenye mabomba makubwa hushika besi. Tena kuna ngoma, na mara nyingi matoazi. Asubuhi ya baridi shaba hushuka sauti, na jua likiipiga hupanda, kwa hiyo mkubwa wa kundi huwasikiliza wote kabla ya kuanza. Ala iliyoanguka hupata bonde, na bonde huharibu sauti. Fundi wa kunyosha shaba si rahisi kumpata, na vipuri hutoka mbali kwa bei kubwa.

Faida yake twaijua sote. Katika mazishi, waombolezaji wanapokosa nguvu ya kuimba, shaba hushika wimbo na kuwabeba. Mtu akipita njia ya mbali, hata asiye wa kanisa letu, hujua ya kuwa leo pana msiba au pana furaha, naye husimama kidogo. Mbiu imelia, ina jambo.

NENO JUU YA SIKU HIZI

Katika miji yetu, Moshi, Arusha, Dar es Salaam, matarumbeta leo huonekana zaidi katika arusi. Wapigaji husimama nyuma ya gari dogo la mizigo, mbele ya gari la bibi arusi, wakipiga nyimbo za kanisa na za dansi, nao hulipwa. Wazee wengi wanachukizwa. Husema, vijana tuliowafundisha kwa ala za usharika wameifanya sifa ya Mungu kuwa biashara. Wengine wametaka kijana apigaye arusini kwa fedha afukuzwe katika kundi la kanisa.

Sisi twawaomba wazee wetu wafikiri tena. Kijana yule hana shamba kubwa wala kazi ya ofisi, na pumzi yake imekuwa jembe lake. Tulikwisha kuona jinsi beni ilivyokemewa, na waliokemewa hawakuacha kupiga, ila walikwenda kupiga mbali nasi. Tukimfukuza kijana wa arusini, tutabaki na ala ukutani, na mtoto atakayemfuata hatakuwa na mwalimu. Lakini kwa vijana nao tuna neno. Ala iliyonunuliwa kwa sadaka ya wajane si ya kukodishwa kwa siri. Na ipigwe arusini kwa ruhusa ya wazee, fungu liwekwe mfukoni kwa vipuri na kwa kuwafundisha wadogo, na mtu asikose mazishi ya maskini kwa sababu tajiri ana arusi siku ile ile.

Hofu yetu kubwa si arusi. Hofu yetu ni ukimya. Kinanda cha umeme huweza kupiga sauti ya tarumbeta kwa kidole kimoja, na usharika ukaona umepata bendi kwa gharama ndogo. Lakini kinanda hakimwiti mtoto wa jirani aje ajifunze, wala hakihitaji watu wanane wasikilizane. Katika Ujerumani kwenyewe makundi ya matarumbeta ya kanisa yaliandikwa mwaka 2016 katika orodha ya urithi wa utamaduni wa nchi ile, na sababu mojawapo ni hii, kwamba mzee na mtoto, tajiri na maskini, huketi humo benchi moja.

Basi, kwa mwaka huu wa yubile, kila usharika wenye matarumbeta na uhesabu ala zake, zile nzima na zile zilizovunjika. Na uchague vijana wanne, wavulana na wasichana, uwape mwalimu mmoja aliye mzee katika kazi hiyo, kabla hajafa na ujuzi wake. Na mwalimu huyo apewe nauli yake, asiende kwa njaa. Wazee wetu walioachiwa sharika wakati wa vita walifanya makubwa kuliko haya, nao walikuwa na vichache kuliko sisi.